Ushindi wa Mezani

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda tena. Sikutoka hata jasho.

Nilisimama katikati ya mkeka wa mieleka kama mwiko ulioachwa kwenye sufuria. Refa akamwita yule mvulana mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaja kocha wake peke yake: kijana anaumwa tumbo. Tumbo! Wa kwanza mwaka huu alisema ameteguka kifundo cha mguu. Wa pili alifiwa, na mchana nikamwona kantini anacheka mdomo umejaa.

Refa akaninyanyua mkono. Mkono mkavu kabisa.

Kule kwenye viti wakaanza: "Bi Mezani! Mleteeni meza yake!" Na mimi nikatabasamu. Ndivyo nilivyo, nikiumizwa natabasamu. Ningejipiga kofi.

Mama anasema ushindi ni ushindi, mwanangu, mbona unanuna kama umepigwa. Simlaumu. Hajui kanuni. Kuingia kambi ya vijana lazima uwe na pambano moja la kweli, la kushikana, na ulishinde. Ushindi wa mezani hauhesabiwi. Wasichana wa mieleka huku niko peke yangu, kwa hiyo nina barua ya kuruhusiwa kupambana na wavulana. Barua wamenipa. Wavulana ndio hawaji.

Limebaki shindano moja, Jumamosi ijayo. Baada ya hapo nafikisha umri wa kutoka kwenye vijana. Basi.

Jumapili, 9 Machi

Kocha ana mpango. Amempandisha Kijiko uzito wangu, kilo hamsini na tano.

Kijiko ni mwenzangu wa mazoezi, mwaka wa pili huu. Ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Mwembamba, mdomo mrefu, hakuna habari asiyoikoroga, ndiyo sababu ya jina. Tunafanyia mazoezi karakana kwa Kocha, maana Kocha ni fundi wa kuchomelea mageti. Jioni tunasukuma vyuma ukutani na kutandika magodoro ambayo Mama aliyashonea turubai juu. Hapo Kijiko ananibwaga leo, kesho namlaza mimi. Hakuna anayetuona, kwa hiyo hakuna anayeona aibu.

Nafasi ya kambini ni moja kwa kila uzito. Akinishinda, anakwenda yeye.

Nikamuuliza kama kweli atapanda mkekani. Akasema, "Kwani wewe simba? Nitapanda." Akaongeza kwamba nisije nikalia mbele ya mama yangu. Nilifurahi kupita kiasi, nikamwagia maji viatu vyangu mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mama Kijiko amekuja nyumbani. Alileta gauni lipunguzwe kiunoni, gauni ambalo halina tatizo lolote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nafanya hesabu.

Akaanza mbali. Jua, watoto, magoti. Halafu: "Dada, wewe ni mama mwenzangu. Wangu akimpiga wako, watasema dume zima linampiga mtoto wa kike. Akipigwa ndiyo nimekwisha, mwanangu atahama mji. Mwambie binti yako ajitoe. Mimi wangu hanisikii."

Mama alikuwa na pini tatu mdomoni. Alisema "Mm." Kisha tena "Mm." Alizitoa pini moja moja, polepole. Mwishoni akasema, "Kiuno hiki kiko sawa, dada yangu. Ukikipunguza hutapumua."

Mgeni akaondoka na gauni lake. Mama akarudi kwenye cherehani yake.

Nitaandika hapa tu, kwingine siwezi: niliona Mama Kijiko ana haki. Kila alichosema ni kweli. Na bado sitaki kujitoa.

Alhamisi, 13 Machi

Leo Kijiko alinishika kama trei ya mayai. Nikamwambia kaza. Akasema amekaza.

Tulipomaliza nikasahau chupa yangu ya maji. Nikarudi. Walikuwa upande wa pili wa geti jipya, lile lenye mabati, hawakuniona. Kocha alikuwa anaongea kwa sauti ndogo, yeye ambaye husikika mpaka barabarani. Panda, anamwambia. Sukumaneni dakika mbili tatu, watu waone. Akiingia mguuni kukunyanyua, nenda chini. Mwenzio hana mwakani, wewe unao.

Kijiko akagonga bati kwa kidole. Halafu: "Na kama naweza kumshinda?"

"Ndiyo maana nakuomba," Kocha akasema.

Ndiyo maana!

Nilichukua chupa. Nikaondoka kwa ncha za vidole, kama mwizi, kana kwamba kosa ni langu. Kocha ananipenda kama mwanawe, hilo najua. Alikwenda ofisi tatu kutafuta ile barua yangu. Na anaamini nitashindwa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijasema.

Asubuhi nilijizoeza mbele ya kioo. Kocha, naomba Kijiko asianguke. Kwa Kiingereza cha shule inakuwa kama barua kwa mkurugenzi. Kwa Kiswahili inakuwa kama kilio. Nikaenda kupimwa uzito, nikapanda mizani.

Kilo hamsini na nne na nusu. Kocha akanipiga bega: "Safi, mwanangu." Nikatabasamu!

Nikisema, Kijiko atapambana kweli, na huenda nikakosa kambi. Au Kocha ataona haya na kuvunja pambano lenyewe. Nisiposema, nitakwenda. Mtu anayenyamaza hapo ni mwizi au ni mwoga? Labda vyote, kwa zamu.

Jumamosi, 15 Machi

Alipanda.

Ukumbi ukalipuka. Kelele kama mabati yanaanguka. Mmoja akapiga yowe, "Mshike, ndugu, hang'ati huyo!" Wengine kucheka. Kijiko hakutazama viti. Hakunitazama hata mimi, alitazama namba kifuani mwangu.

Kipindi cha kwanza alinisukuma nje ya mstari mara mbili. Pointi mbili zake. Mikono yake ilikuwa ile ya siku zote, migumu, yenye kucha fupi. Hapakuwa na trei ya mayai. Nikafikiri — amekataa! Hamsikilizi Kocha! Nilifurahi huku napigwa, wazimu kabisa.

Kipindi cha pili aliniweka chini ya kwapa, shingo ikalia ko! Nikajitoa. Nikashuka, nikaingia mguuni, sikio langu kwenye mbavu zake, nikasikia moyo wake. Nikanyanyua. Akaja. Uzito ulikuwepo, naapa uzito ulikuwepo. Nikambwaga na kumbana mabega, refa akapiga mkeka: nimeshinda.

Nilipambana. Nililowa mpaka soksi. Lakini yeye alipokuwa hewani — alikuwa mwepesi kidogo? Kama mtu anayepanda ngazi mwenyewe huku unamshika kiuno? Nimelirudia kichwani mara mia. Kila mara linakuwa tofauti.

Kocha analia. Mama kapiga kelele mpaka sauti imekauka. Mimi hakuna aliyenicheka. Wamemcheka yeye. "Pole, bibie!" "Umeumia, mchumba?" Mvulana mmoja mkubwa alimpa leso amepiga magoti, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na Kijiko, Kijiko mwenye jibu la kila mtu, aliinama kufungua kamba za viatu. Mama yake alimfunika taulo kichwani akamtoa kama mgonjwa. Nilitaka kumfuata. Refa alikuwa bado amenishika mkono.

Jumapili, 16 Machi

Kocha ameleta fomu ya kambi baada ya chakula cha mchana. Saa kumi na mbili jioni anaipitia, niwe nimetia sahihi. Nikamwambia, "Kocha…" Akasema, "Sema, mwanangu." Nikasema asante.

Mama anapunguza suruali ya trakisuti mpya. Cherehani haijanyamaza tangu asubuhi. Anaimba kwa sauti yake ya vumbi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, nimefanya jambo. Mama ana ufunguo wa karakana kwa ajili ya kushona magodoro. Nimeuchukua. Nikamtumia Kijiko meseji: saa kumi na moja, karakana, turudie. Hakuna refa, hakuna mtu. Sikumuuliza aliniachia au hakuniachia. Nilifuta hilo swali mara nne.

Hakujibu saa nzima. Najua wanamwita nini sasa, mpaka watoto wa mtaani kwao. Nikafikiri hatajibu tena maisha yake yote.

Kisha: "Sawa."

Nikaruka kitandani. Ndiyo kwanza natafuta viatu, ikaingia nyingine:

"Unataka nikushike kweli?"

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma nimekaa: kwa hiyo jana haikuwa kweli? Labda ni mzaha, yeye ni mtu wa mizaha. Labda ana hasira na anataka kunichoma tu. Jana alikuwa na pointi mbili, jana shingo yangu ililia, bado inauma nikigeuka kushoto.

Mama ananiita nijaribu suruali. Nimesema nakuja.

Fomu iko mezani, kalamu juu yake. Ufunguo uko mfukoni. Kwenye simu naona anaandika. Ameacha. Anaandika tena.

Saa kumi na dakika arobaini. Bado sijamjibu.