Maji Mara Tatu

Mpendwa Dada,

Tangu tukuzike kule kwenu Taita, nazungumza nawe kila ninapofungua bomba la wodi ya uzazi na kulikuta kavu. Ulizoea kusema kwamba kisiwa hiki cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote na bado daktari hana ya kunawia. Ndiyo maana ulikuja na chupa yako kutoka nyumbani Tudor, maji uliyoyachemsha mwenyewe, ukaiweka dirishani pamoja na kijiko cha dawa. Wauguzi walijua kwamba haiguswi. Ilikuwa ya watoto wa Kikristo waliozaliwa bila tumaini la kuishi, pale ambapo hapakuwa na muda wa kumngoja padri wala kasisi, na mama mwenyewe ameomba.

Nilipoletwa chini yako mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwanglikana wa Rabai, daktari mpya niliyetoka chuo kikuu na maswali mengi, nilikuuliza kama daktari ana haki ya kubatiza. Ulinijibu kwamba kwenu Wakatoliki, penye hatari ya kifo, mtu yeyote aweza, mradi atie maji, kwa desturi mara tatu, ataje maneno, na akusudie kile ambacho Kanisa hukusudia. Kisha ukaendelea kumshona mgonjwa wako.

Namkumbuka bibi mmoja wa Bondeni ambaye mjukuu wake alikuwa amekawia kutoka tangu alfajiri. Alikuona ukifumba macho kabla ya kuvaa glavu, akakuambia, “Daktari, weye omba kwako, nami naomba kwangu. Atakayejibiwa mbele amwambie mwenziwe.” Ulicheka hadi barakoa ikakushuka. Mtoto alipolia na kuonekana mzima, ulirudi nyuma ukangoja babu yake aitwe amwadhinie sikioni, ndipo ukampima uzito. Mikono yako, iliyokuwa na haraka ya kila kitu, hapo haikuwa na haraka. Nilidhani imani yako ilikuwa kama ile chupa, kitu ambacho hakikosekani dirishani.

Kisha ikaja alasiri ile ya Ijumaa, nilipofikishwa katika wodi yetu wenyewe nikiwa mgonjwa, mimba yangu ikiwa ya miezi sita tu. Wewe ndiwe uliyekuwa zamu. Mume wangu alikuwa kazini Liwatoni na hakupatikana hadi mambo yalipokwisha. Binti yangu alitoka akipumua kwa shida, nasi sote wawili tulijua, kwa elimu ileile moja, kwamba hatungeweza kumvusha. Nikakuomba uchukue chupa.

Hukusogea. Uliinama sikioni pangu, muuguzi asisikie, ukasema, “Mdogo wangu, mimi siamini tena. Nimewatia maji wengi mno. Tafuta mwingine.”

Hapakuwa na muda wa kutafuta mwingine. Nadhani nilikasirika, ingawa leo nikirudi nyuma naona huenda ilikuwa hofu tu. Nikakujibu, “Sikukuuliza unaamini nini. Tia maji, Dada.”

Ukauliza jina. Hatukuwa tumemchagulia, kwa kuwa tulidhani muda tunao. Nikasema, “Mpe lako, awe somo yako.”

Nilifumba macho. Nilisikia kijiko kikigonga chupa, na sauti yako ikimwita Salome, ikimtaja Baba, na Mwana, ikakatika, kisha ikamtaja Roho Mtakatifu. Nilipofumbua, ulikuwa umemlaza kifuani pangu na paji lake la uso lilikuwa limelowa. Alikaa nasi kidogo, akaenda.

Hatukuyazungumza tena. Ulikuja kwangu kila Jumapili saa ya ibada, wewe ambaye ibadani ulikuwa huendi tena, na mahamri ndani ya kitambaa na mbaazi katika sufuria yako ndogo. Uliniambia nile kwanza, kulia kungesubiri. Kazini chupa ilibaki dirishani, na mama akikuomba hukumnyima. Sikukuuliza sasa ulikuwa ukifanya kwa ajili ya nani. Niliogopa jibu, au niliogopa kwamba hungekuwa nalo.

Figo zako zilipokataa kazi, nilikaa nawe kama ulivyokaa nami. Mchana mmoja, kabla hujapoteza fahamu, ulinishika mkono ukauliza, “Yule somo yangu. Nilimtia maji mara tatu, au mbili? Sauti ilinikatika.”

Ningeweza kusema tatu. Nilikuambia ukweli, kwamba nilikuwa nimefumba macho. Ukageukia ukuta.

“Basi hapana anayejua,” ulisema. Sikukusikia ukisema jambo jingine lenye maana baada ya hapo.

Nimeligeuza swali lako pande zote. Kaburini, padri alipokuita mtumishi mwaminifu, nilijiambia kwamba ushahidi ninao mimi, kwa maana asiyeamini hana sababu ya kuhesabu. Nilipokuwa njiani kurudi Mombasa nikakumbuka kwamba hukuwahi kufunga tumbo la mgonjwa kabla ya kuhesabu vitambaa vya kufyonzea damu mara mbili. Huenda aliyeniuliza hakuwa mwamini bali daktari tu, na mimi ndiye ninayemhitaji awe mwamini. Siku nyingine naona kwamba watu hao wawili ndani yako hawakuwahi kutengana. Siku nyingine sioni chochote, natamani tu ungekuwa jikoni kwangu.

Chupa iko palepale. Mimi ndiye ninayeijaza siku hizi. Juzi msichana mmoja, uzazi wake wa kwanza, aliniomba. Nilimwambia asifumbe macho, ahesabu pamoja nami. Akahesabu huku analia. Kabla ya tatu mkono wangu ulisita, bila sababu ninayoweza kuieleza, kisha ukamimina. Nikafikiri kwamba labda ndivyo ilivyokuwa kwako, kwamba mtu aweza kusita na bado akamimina. Sidai kwamba ndivyo. Nilikuwa nimechoka, na aliyechoka huona anachokitaka.

Lakini uliposema hapana anayejua, Dada, ulimsahau mmoja. Paji lilikuwa lake. Ukimkuta huko, muulize.

Pumzika. Nimekukosa kuliko ninavyojua kuandika.

Mdogo wako,
mama wa somo yako