Bi Swaumu Alivyomwokoa Mwinjuma

Kisarawe,
9 Agosti 1947

Mpendwa kaka Isihaka,

Shikamoo. Habari za Tanga? Wifi Mwanajuma na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kifua cha Mama kimepoa. Jana alishika jembe, tukamnyang'anya.

Muhogo umestawi, ila nguruwe wanatusumbua sana.

Kaka, nusura nikuandikie habari ya msiba. Shemeji yako Mwinjuma alikwenda Mkuza, kule Kibaha, kumchukulia Mama dawa ya kikohozi, ile nyekundu. Siku hizo Kibaha nzima ilikuwa na hofu, watu wanasema mumiani wanazunguka kunyonya damu. Alipoketi kupumzika kando ya njia, mtu akaiona chupa mkobani. "Damu hiyo!" Mara vijana wakamzunguka na magongo. Alijieleza, hakuna aliyemsikiliza. Wengine walisimama wakitazama tu.

Palikuwa na muuza vitumbua, Bi Swaumu, asiyemjua Mwinjuma hata kwa sura. Kwanza alimnong'oneza mwenzake akimbie kumwita jumbe. Kisha akapaza sauti, "Shemeji! Nakungoja tangu asubuhi, kumbe umekaa huku?" Akamshika mkono, akaketi naye katikati ya wanawake wenzake, akampa kitumbua. Vijana wakabaki wameduwaa. Nani angewapita mama zake kwenda kumpiga mtu? Mwinjuma anasema kitumbua kilimkwama kooni, na Bi Swaumu akawa anamwambia polepole, "Tafuna, shemeji. Usiwatazame."

Jumbe alipofika aliifungua chupa, akanusa, akaonja mbele yao wote. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, hata pole hawakusema.

Juzi Mwinjuma nami tulikwenda kumshukuru. Mama alimpelekea doti ya kanga aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya Idi. Nilijiandaa kusema mengi, lakini nilipomwona nikalia tu. Baadaye nikamwuliza, "Bibi, hukuogopa?"

"Miguu ilinitetemeka, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana niliketi upesi."

Tukacheka mpaka Mwinjuma akafuta machozi. Kaka, sasa hivi yuko uani anachonga mpini, nami namsikiliza huku naandika. Sijui nimlipe nini mama yule.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Mwinyimadi pia. Mbusu mwanao Matano kwa niaba yangu. Mungu akuweke huko ugenini karibu na watu wenye moyo kama wa Bi Swaumu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mwanaasha