Mama Hataki Nikimbie Kimya

Kijiji cha Kinyanambo,
S.L.P. 31,
Mafinga.

18 Julai 1976

Mpendwa mdogo wangu Joachim,

Kamwene, mdogo wangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe na mkeo Helena na mtoto, na kwamba joto la huko halijawayeyusha. Sisi hapa hatujambo, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu, na maji ya kunawa ni ya kuombea dua kwanza.

Mama anakohoa kidogo lakini anakula. Ukimwona anavyogombana na kuku wake utajua nguvu bado zipo. Shemeji yako Mika bado anaendesha lori la mbao, bado anarudi nyumbani ananuka utomvu wa misonobari, na bado anasema mboga zangu hazina chumvi. Kweli hazina. Ni amri ya daktari, na hapo ndipo inapoanzia habari yenyewe.

Unakumbuka nilikuandikia mwanzoni mwa mwaka kwamba daktari wa Iringa alinipima akakuta nina presha, ile ile iliyomwangusha baba. Alisema kukaa kwenye cherehani kutwa nzima nikishona sare za shule kutanimaliza mapema, kwa hiyo nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Wewe, mwalimu wa michezo, ukanijibu nianze kukimbia asubuhi, kidogo kidogo. Nami nikakutii, mtu wa miaka thelathini na tisa, na mwili huu unaujua.

Nilijishonea suruali ya kuvaa chini ya gauni, maana hiyo bukta uliyoiandika wakavae wanafunzi wako. Mika akaninunulia raba nyeupe mjini Iringa. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu nikatoka, ukungu haujainuka bado.

Zamani kule mahameni ningekimbia nikaonwa na mbuzi tu. Tangu tulipohamishiwa kijijini, nyumba zote zimepangwa mstari kando ya barabara, hakuna pa kujificha. Nilipofika kwa mama alikuwa anafagia uwanja. Akaniona, akatupa ufagio, akashika kichwa, akaangua kilio. Majirani wakatoka wamejifunga kanga kiunoni. Niliporudi kutoka huko mbele nilikuta uwanja umejaa watu, wengine wamekwisha kaa chini, na baba mdogo Bartholomeo ananiuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, sasa unakimbilia nini? Nikasema nakimbilia afya. Akageuka kutazama barabara, huku na huku. "Hiyo afya iko upande gani?"

Cheka, mimi mwenyewe nimekwisha kucheka. Lakini unajua kwetu mtu mzima hakimbii ila kwa moto au kwa msiba. Na wewe ulikuwa shuleni siku baba alipoanguka kwenye kiwanda cha mbao, hukuona. Ni huyo huyo Bartholomeo aliyekimbia kutoka kule mpaka kwa mama, njia nzima kimya, hasemi na mtu, mpaka alipofika mlangoni. Tangu siku ile mama akisikia miguu ya mtu mzima inakimbia anashika kifua. Aliniambia waziwazi: kama ni kufa, nife nimekaa, lakini nisimuue yeye kila asubuhi.

Basi ndugu yangu, sikujua nishike lipi. Nikiacha, presha inanisubiri. Nikiendelea, nampa mama msiba kila kukicha. Hakuna njia nyingine ya kutokea kijijini ila kupita mbele ya mlango wake. Nikaona dawa ni kupita mbio sana, kama mwizi, kabla hajatoka nje. Kwa hiyo kila siku nilichomoka nyumbani kwa kasi yote niliyo nayo, na mwili wangu wote.

Haikuchukua muda miguu ikagoma. Mfupa wa mbele, huu muundi, ulikuwa unawaka toka kwenye kifundo hadi karibu na goti. Nilishindwa hata kukanyaga cherehani, na wazazi wakaanza kuulizia sare za watoto wao.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana kila mtu ni mganga. Wa zahanati akasema nipumzike. Mika akasema kosa ni kufunga kamba za raba kwa nguvu. Bartholomeo akasema kosa ni raba zenyewe, nikimbie pekupeku kama nilivyozaliwa. Jirani yangu Marta akaja na mafuta ya kondoo akanisugua mpaka nikaona nyota. Na barua yako nayo ikafika, eti nisimame nisukume ukuta, kisigino kikiwa chini, ninyooshe misuli ya nyuma. Miguu inauma mbele, wewe unaninyoosha nyuma. Nilisukuma ukuta wa nyumba yangu mpaka Mika akauliza kama nataka kuubomoa. Nilifanya yote, Joachim, sikumwacha mtu.

Mama alifurahi nilipolala na mguu, hakuficha. Akaniletea uji wa ulezi akakaa nami, mtoto wake ametulia sasa. Lakini wakati wa masika, siku moja nikiwa nakata kitambaa, nilisikia kizunguzungu nikaanguka kando ya cherehani. Yeye ndiye aliyenikuta sakafuni. Sikumwona alivyokuwa, ila Marta anasema hakulia hata kidogo, alikaa chini tu akanishika mkono.

Kesho yake alikuja asubuhi akakataa kiti. Akasema nikimbie. "Ila usikimbie kimya. Uimbe, nikusikie toka kwako. Mwenye msiba haimbi."

Nikadhani ni mchezo. Si mchezo. Mguu ulipotulia nikaanza, raba miguuni na wimbo mdomoni, aibu nimeiacha ndani. Na kuimba huku unakimbia asikuambie mtu. Ukienda kasi pumzi inakata katikati ya neno, na neno likikatika tu, mama yuko mlangoni mkono kifuani. Ikabidi niende polepole, polepole kweli, kama bata anayekwenda mtoni. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita, akanipa pole.

Lakini miguu haikuuma. Nilingoja iume, haikuuma. Mwanzoni niliishia kwenye duka la kijiji, kisha darajani, na sasa nafika bustani ya miche ya misonobari na kurudi, naimba njia nzima. Watoto wananiitikia toka vitandani. Katekista amelalamika kwamba nachanganya nyimbo za kanisa na za pombe, nami nimemwambia anitungie za kutosha. Juzi nilipimwa tena Iringa, na presha imeshuka.

Sasa nani ameniponya? Marta anatangaza ni mafuta yake. Mika anasema ni kamba. Wewe najua utasema ni ukuta. Nieleze basi, wewe uliyesomea mambo haya: kuimba kunaponya miguu? Maana mimi naona ndiyo, na nikiwaza naona haiwezekani.

Lipo la pili, na hili ndilo linaloninyima raha. Jumapili ya juzi nilikuwa kwa mama tunapukuchua maharage. Bila kuinua macho akasema, "Tekla, siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayekimbia kwenda kwa Bartholomeo. Siku hiyo usiimbe. Watajua." Kisha akauliza kama ndege wanasumbua ngano mwaka huu.

Mpaka sasa sijui kama alinipa heshima au mzigo, wala sijui kama anaumwa na ananificha. Nimemtazama, naona mama yule yule. Njoo Desemba umtazame na wewe, labda macho yako yataona kitu.

Jumanne iliyopita niliamka na mafua, sauti hakuna hata kidogo. Nilivaa raba, nikafunga kamba, nikafika barabarani. Miguu ilikuwa mizima, Joachim, lakini sikuweza kuiamuru ikimbie. Nilitembea mpaka kwenye miche, na nikarudi natembea.

Mika anakusalimu sana, na binti yetu Lea anauliza kama Mwanza kuna baridi ya kwenda nayo shule. Baba mdogo Bartholomeo anakusalimu, na Marta pia. Mama anasema usimpelekee Helena maneno yangu ya bukta. Msalimie sana, na mtoto mumbusu kwa niaba yetu.

Mungu awalinde huko mliko, awape pumzi ndefu na riziki isiyokatika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Tekla Kalinga