Barafu ya Kituo cha Tatu

Jumapili, 7 Julai
Nimeshindwa. Nilianguka kilomita ya ishirini na tisa kati ya thelathini na nane za mbio za mchujo. Mkono wa kushoto una dripu, wa kulia ndio unaoandika. Nilikuwa wa kwanza! Dakika nane mbele ya mpinzani wangu Rayhona. Nafasi ya mwanamke katika timu ya taifa ni moja tu, nami nimeiacha kwenye mawe ya mlima wa Nurota kwa sababu ya chai. Chai ya moto.

Baba alikuwa kituo cha tatu na chupa yake ya chai, kama miaka yote. Digrii arobaini na tatu, chilla imeshika, siku arobaini ambazo hata mbuzi hawatoki kivulini. Kando yake ndoo ya barafu. Nakumbuka ndoo ikipinduka, barafu ikimwagika. Nani mwingine aliyeipindua kama si yeye? Baada ya hapo sikumbuki.

Jumatatu, 8 Julai
Nyumbani. Mama ameleta chai, nimeimwaga dirishani. "Kitu baridi juu ya mwili wa moto kinapasua figo," amesema, kama alivyosema tangu nizaliwe. Maji ya jokofu niliyaonja chuoni, kwa kujificha, kama mvuta sigara.
Baba ameuliza kama nimekula. Nimegeukia ukutani.

Alhamisi, 11 Julai
Rayhona amepiga simu. Kila kituo alijaza barafu kofiani, nyingine shingoni. "Mwenzangu, wewe ulikuwa unakimbia umebeba jiko." Akacheka. Mimi sikucheka. Kisha habari: watu kumi na tisa walianguka, kwa hiyo mchujo unarudiwa tarehe 28. Njia ileile, saa ileile. Yeye ndiye wa kupoteza, na ndiye aliyeniambia. Roho nzuri hiyo imenikera zaidi.

Nimemwambia mama: safari hii baba asikanyage kituo chochote. Kwa sauti, asikie. Alikuwa uani ananoa mundu. Akaendelea kunoa.

Jumamosi, 13 Julai
Mazoezi saa saba mchana, barafu chini ya kofia. Mlima mzima! Akili zangu zilikuwa nami mpaka juu. Figo ziko mahali pake. Miaka kumi na minne ya kukimbia kwa chai, kumbe dawa ilikuwa ndani ya jokofu. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Nikapita zahanati kumrudishia muuguzi Muattar shuka lake. Siku ya mbio alikuwa kituo cha tatu. Nikamwambia baba nusura aniue. Akaliweka shuka mezani.
"Baba yako? Barno, ndoo uliipiga teke wewe."

Akasema yote. Kwamba baba alikuwa ameikataa barafu kweli — mpaka aliponiona macho. Akaitupa chai. Akafungua kitambaa anachojifunga kiunoni tangu enzi zake za mieleka, akakichovya kwenye barafu, akaja kunifunga shingoni. Nikamsukuma. Mzee wa miaka sitini na mbili, chini kwenye mawe. Napiga kelele: utaniua, baba, figo zangu. Maneno ya nyumbani, kinywani mwangu mimi.
"Akakubeba mgongoni mpaka kwenye gari. Kiwiko kina nyuzi sita. Hujaona?"
Sijaona. Wiki nzima anavaa mikono mirefu.

Jumapili, 14 Julai
Bado nina hasira naye. Siku saba namnunia, yeye kimya! Angenitukana, ningejua pa kuanzia. Na mimi je? Nafundisha michezo shuleni, najua habari za jasho na chumvi, nilipozidiwa nikawa mtoto wa mama. Elimu yangu ilikuwa ya kivulini. Najichukia kwa hilo.

Baba ametoka kwa muuza samaki na gunia la barafu begani, linamchuruzikia mgongoni. Mama amewaka: "Mzee, umetoka jasho namna hiyo halafu unabeba baridi? Unataka nikuzike?" Baba amelitua gunia katikati ya ua.
"Muulize huyo kama vipande hivi vitaenea kofiani."
"Barno, baba yako anauliza vipande vitaenea?"

Nimesimama nyuma ya pazia na daftari hili. Shati la baba limelowa, limemganda, nyuzi za kiwiko naziona. Mama ameuliza mara ya pili. Baba hajaondoka, anasukuma barafu kwa mguu iingie kivulini. Inayeyuka, na mimi bado naandika—