Maneti Iliyokuwa Mkononi Mwangu

Yaya,

Dada yangu mkubwa, Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, pale pale uliposimama wewe, nikasema jambo nililokuficha. Nilidhani nikishalisema nitapumua. Tulipotoka nje, Mama Ilunga wa kwaya yako alinivuta kando akaniambia, bila hasira: "Mwalimu, ile maneno haikuwa ya sisi. Ilikuwa ya yaya yako."

Ndiyo maana nakuandikia, ingawa miezi minne imepita tangu tukuzike.

Unaikumbuka mashine aliyotuma mwanao Kasongo kutoka Kitwe, baada ya kiharusi kukuchukulia mkono wa kuume. Kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, na maneti mbili za kushika, moja kwa kila mkono, hazina waya. Ukisogeza mkono, mtu wa kwenye kioo anapiga kasia. Ba Mulenga, yule mama wa hospitali aliyekuja kukunyoosha mkono, aliisifu. Hata ukisogea upana wa kidole, alisema, mashine itaona, na mtumbwi utakwenda. Ila kila maneti lazima kwanza iunganishwe na kisanduku, mpaka taa yake iache kupepesa.

"Bashikulu," aliniambia, kwa heshima wanayopewa wazee huku ng'ambo ya ziwa, "ikikataa, niite."

Nikamwonyesha kitabu cha maelezo, kwa Kifaransa. "Nimekisoma chote," nilisema. Na kweli nilikuwa nimekisoma.

Maneti ya kushoto ilikubali. Ya kuume, ile uliyoihitaji, ilipepesa tu. Nilibonyeza, nikatoa betri, nikarudisha, nikaanza upya. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti tangu asubuhi, umevaa kitenge cha Jumapili kwa ajili ya mashine. "Mudogo, kitabu imekushinda?" ukauliza, ukicheka. Nina miaka sabini na moja, na kwako nilibaki mdogo.

"Haijanishinda," nikajibu.

Nikakuwekea kiganjani ile iliyokuwa ikipepesa. Nilikaa nyuma yako na ile nzuri, nikitaka kuijaribu tu kabla ya kukupa. Ukauma mdomo, bega likatetemeka. Wakati huo huo mimi nikasogeza mkono. Mtumbwi ukaenda.

"Mudogo! Angaria! Mukono inasikia!"

Sentensi moja ingetosha. Badala yake nikasema, "Naona, yaya."

Kesho yake niliamka mapema niitengeneze kabla hujatoka chumbani. Nikashindwa. Basi nikapiga kasia tena. Uliuliza mbona taa yako inakonyeza, nikasema ndivyo inavyofanya kazi. Juma la pili nilikuwa nimejifunza kuuyumbisha mtumbwi, uonekane unasukumwa na mkono mgonjwa unaoanza kupona. Ona nilivyoutunza uongo ule, kama daftari la mwanafunzi ninayempenda. Na wewe ulikuwa na furaha! Ulimtania yule muzungu wa kwenye kioo: "Anazunguka ziwa muzima, hana hata wavu. Bibi yake atakula nini?" Nilicheka nyuma yako, na maneti chini ya koti.

Mashine ilihifadhi idadi ya mapigo ya kasia ya kila siku. Ba Mulenga akaisoma, akafurahi, akasema sasa atakuja mara moja kwa juma badala ya tatu, maana wako wagonjwa wanaomhitaji zaidi. Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha ukataka kutoa ushuhuda. Nilikusihi tungoje. "Tungoje nini? Mungu alingoja?" Ukasimama mbele ya watu wote, ukasema Bwana amekurudishia mkono, wakapiga makofi. "Muone," ukasema.

Mkono haukuinuka.

Ulijaribu mara tatu, yaya. Nilihesabu. Kwaya ikaanza wimbo kukusitiri. Njiani kurudi tulipishana na baiskeli za samaki kutoka Kabuta, na wewe ulisema maneno haya tu: "Kwa nyumba inapanda. Mbele ya Mungu inakatala. Imani yangu ni kidogo."

Hata hapo sikusema. Nilikuwa karibu nawe, tunagusana mabega, na sikusema. Ukaacha mazoezi. Nilikusikia kupitia ukutani ukimwomba Mungu akusamehe kwa kosa usilolijua. Kosa hilo lilikuwa limelala chumba cha pili. Kiharusi kingine kikaja, nawe ukaondoka ukiamini umekataliwa.

Baada ya mazishi nilimpelekea Ba Mulenga mashine. Akafungua kifuniko cha betri cha ile maneti iliyokataa, akabonyeza kwa pini kitufe kilichofichwa ndani, na taa ikatulia. Mimi siku zote nilikuwa nikibonyeza kitufe cha kuwashia. Nikamweleza yote. Akauliza, "Bashikulu, mbona hukuniita?" Kwa sababu niliona haya kufundishwa. Nilikuwa nimevuka ziwa hili kama mkimbizi, bila shule, bila nyumba, bila vitabu, nimebaki na jina la mwalimu tu, na nikalilinda kwa mkono wako.

Sasa mashine iko kwa mvuvi mmoja aliyepigwa na kiharusi huko Kabuta. Naenda kumsaidia kila Jumanne. Nakaa mbele yake, anapoweza kuiona mikono yangu yote miwili. Mtumbwi wake unasogea kidogo sana, na siku nyingine hausogei.

Yaya, imani yako haikuwa kidogo. Mkono wako haukukatala mbele ya Mungu. Haukuwahi kupanda nyumbani. Nilikuwa mimi.

Kasongo anakuja mwezi ujao kuondoa matanga. Bado anawaambia watu Kitwe kwamba zawadi yake ilimpa mama yake majuma mawili ya kupona. Nimewaomba wa kanisani waniachie mimi kumweleza. Nakuahidi nitamwambia pale pale stendi, kabla hajanishukuru, na kama hatataka kulala nyumbani kwangu, nitambebea mzigo wake mpaka mahali atakapolala.

Pumzika, yaya. Sikuombi unisamehe leo.

Mudogo wako