Soksi Niliyoifunga Kila Novemba

Nyumba Na. 412, Mtaa wa Tatu Kaskazini,
Tornby, Minnesota.
11 Februari 2014.

Mpendwa wifi yangu Arlys,

Hujambo huko Arizona? Na ule mguu, umeanza kukanyaga vizuri, au bado unatembea na fimbo na kumdanganya daktari kwamba umeitupa? Nakujua wewe. Natumaini jua la huko linakufaa, na kwamba mumeo Glenn ameacha kula chumvi kwa kujificha.

Huku ni baridi tu. Jumapili kipimajoto cha dirishani kilionyesha thelathini na moja chini ya sifuri, gari la Janelle likakataa kuwaka, na kanisani tulikuwa watu kumi na wanne, ukimhesabu na mchungaji. Kahawa ilitosha kila mtu vikombe vitatu.

Mimi ni mzima. Nimeandika neno hilo nikalitazama, maana mwezi uliopita nisingethubutu kuliandika. Ningeweza kukupigia simu, lakini naogopa sauti yako, na zaidi naogopa ukinyamaza. Kwa hiyo kaa chini, wifi, na usiruke mistari kutafuta mwisho. Nitaeleza taratibu, ili na mimi mwenyewe nisikimbie.

Tangu Novemba nilikuwa na hofu moja tu, kwamba akili yangu inaondoka kwa njia ile ile iliyoondokea ya kaka yako Orrin. Nilikuwa nikiamka kichwa kinaniuma, na jioni tumbo linanichafuka. Nilikwenda kwenye msiba wa Ardis Lokken na sufuria ya viazi na nyama ya kuoka. Tulipoifunua pale jikoni kanisani, ilikuwa tupu. Chakula nilikuwa nimekiacha nyumbani juu ya jiko. Wanawake walicheka na mimi nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia. Wiki iliyofuata nilikaa ndani ya gari mbele ya posta nusu saa nzima, nisijue nimefuata nini.

Nilijua inavyokwenda. Nilishaiona kwa mume wangu, hatua kwa hatua. Nikaanza kubandika vikaratasi kwenye friji: zima jiko, leo ni Jumatano, funguo ziko kwenye bakuli. Janelle akija navificha kwenye droo. Lakini yule ni binti yangu, ana macho. Siku alipofungua droo akitafuta kijiko, alivisoma vyote, akaifunga. Baada ya siku tatu alikuja na mumewe Curt, wakaniketisha mezani, wakaniambia kwamba kuanzia tarehe moja Machi nitakuwa na chumba kwenye nyumba ya wazee. Ile ile, Arlys. Korido ile ile aliyofia Orrin, milango minne tu kutoka chumba chake. Na hii nyumba yangu itauzwa.

Sikubisha. Hilo ndilo lililomtisha Janelle kuliko vyote, nadhani, maana hajawahi kuniona nikikubali jambo mara ya kwanza.

Dalali wa nyumba akasema wanunuzi siku hizi wanauliza kama mabomba ya hewa yamesafishwa, yale yanayopitisha joto kutoka kwenye tanuri kwenda vyumbani, pamoja na bomba la mashine ya kukaushia nguo. Janelle akamwita fundi. Alifika tarehe 21 Januari, saa nne asubuhi, naye ni LeAnn, binti wa marehemu Tollefson wa ghala la nafaka. Sasa ana miaka hamsini, na gari lake lina mashine ya kufyonza inayonguruma mtaa mzima. Alipitisha bomba lake nene mlangoni kwangu, baridi ikaingia nalo, nami nikasimama nimefumbata mikono.

"Mama Verna, mbona umenuna hivyo? Nimekuja kutoa vumbi, sijaja kukutoa wewe."

"Vumbi la nyumba hii ni langu. Nimekaa nalo miaka hamsini na moja."

"Basi nitakufungia kwenye mfuko uende nalo."

Nilicheka, kichwa kikanigonga kwa kile kicheko.

Alifanya kazi vizuri, sina la kumsema. Alifungua vifuniko vya matundu ya sakafuni kimoja kimoja, akaingiza brashi inayozunguka kwenye fimbo ndefu, akaniletea kwenye kopo vitu vilivyotoka: kalamu za rangi za Janelle alipokuwa mdogo, askari mmoja wa plastiki, na penseli tatu fupi za Orrin zenye alama za meno yake. Zile penseli nilizitia mfukoni. Kisha akaniuliza mashine ya kukaushia iko wapi, nikamwambia iko chini, kwenye chumba kilicho chini ya sakafu, na inafanya kazi, nimetia taulo, asubiri zikauke.

Hakusubiri. Alikuwa katikati ya ngazi za kuteremkia chini, kidude cha kupimia hewa alichoning'iniza mkandani kikaanza kupiga kelele. Alirudi juu mbio kwa namna ambayo sikuitegemea kwa mtu mwenye umbo lile.

"Toka nje, Mama! Sasa hivi!"

"Ngoja nichukue koti."

"Achana na koti! Toka!"

Alinikokota kwa mkono wa sweta, miguuni nina ndara, mpaka ndani ya gari lake. Akapigia simu zimamoto. Wakaja vijana wa kujitolea, mmoja wao nilimfundisha Shule ya Jumapili, wakaingia ndani wamevaa vinyago. Nikaona madirisha yangu yote yanafunguliwa katika baridi ile. Niliogopa, lakini niliogopa mabomba ya maji yasije yakaganda. Ndivyo nilivyokuwa sijui kitu.

Baada ya muda LeAnn akaja akasimama kwenye dirisha la gari, uso umempauka.

"Nani alifunga ile soksi?"

"Mimi," nikamjibu. Kwa fahari, Arlys. Nilimjibu kwa fahari.

Wewe unaijua ile soksi. Mama yenu ndiye aliyenifundisha, majira ya baridi ya kwanza baada ya ndoa. Unalichomoa bomba la mashine kutoka ukutani, unaligeuza mdomo uelekee chumbani, unafunga soksi kuukuu ya nailoni mdomoni ili inase manyoya ya nguo, na joto lote linabaki ndani. "Joto umeshalilipia," alikuwa akisema, "unawapa sungura wa nje kwa nini?" Kila Novemba nimefunga, kila Aprili nimefungua na kulirudisha bomba ukutani. Miaka hamsini na moja sijakosa.

LeAnn akaniambia polepole, kama anayeongea na mtu wa kuvunjika. "Mashine ya zamani ilikuwa ya umeme, Mama, haikuwa na neno. Hii ni ya gesi. Ndani yake moto unawaka kama jikoni, na moshi wake huuoni wala huunusi. Wewe umeufungulia ndani ya nyumba."

"Lakini soksi..."

"Soksi inazuia manyoya. Haizuii sumu. Na hiyo yenyewe imejaa, imevimba kama paja la nguruwe, imeanza kubadilika rangi kwa joto. Kama si sumu, ungekuwa moto."

Walinilaza hospitali siku mbili na kinyago cha hewa safi usoni. Damu yangu ilikuwa na ile sumu, daktari alisema kiasi chake kingetosha kumsahaulisha mtu jina lake. Mashine ya kukaushia na mashine yangu ya kushonea mablanketi ya kanisa ziko chumba kimoja, na tangu Novemba, nilipoihamishia kule ile ya kushonea, nilikuwa nikikaa chini kutwa kwa sababu ndiko kwenye joto. Leo ni wiki ya tatu nje ya sumu. Kichwa hakiumi. Nakumbuka namba ya simu ya kila mtu, hata ya Glenn, ambayo sina haja nayo. Chumba cha nyumba ya wazee kimefutwa na nyumba haiuzwi. Janelle amelia mpaka nimemfukuza akalilie kwake. Curt ananikwepa, kwa sababu yeye ndiye aliyeleta mashine ya gesi, ile ya umeme ilipokufa. Nimemwambia aliunganisha vizuri, bomba lilikwenda nje. Aliyelichomoa ni mimi.

Ungedhani ningekuwa nacheza. Sasa ndiyo naogopa, wifi, kuliko nilivyoogopa Novemba.

Ile mashine ya gesi ililetwa Oktoba 2010. Januari iliyofuata Orrin alipotea njia ya kutoka kanisani, njia aliyoipita maisha yake yote. Ilipofika kiangazi alipata nafuu, akakata nyasi, akakutania kwenye simu, sote tukasema jua linamchangamsha. Hakuna aliyekumbuka kwamba Aprili nilikuwa nimelirudisha bomba ukutani. Novemba nikafunga soksi. Kufikia Desemba hakujua choo kiko wapi, nikampeleka nyumba ya wazee. Wiki mbili tu, akawa anawafunga wauguzi karata. Nikamrudisha nyumbani kwa Krismasi, wajukuu wote wamekuja, mashine inakausha nguo kutwa. Siku ya tatu alimtazama Janelle akamuuliza ni binti wa nani. Nikamrudisha kule kwa mikono yangu.

Na unajua kiti chake kilikuwa wapi. Kando ya mashine. Nilikisogeza mimi, kwa kuwa alikuwa akilalamika baridi magotini.

Nimemuuliza daktari. Anasema mtu alikuwa na miaka sabini na tisa, sasa hakuna anayeweza kujua. Nimemuuliza LeAnn alipokuja kuweka bomba jipya la chuma. Aliangalia buti zake. "Mama, usiniulize hilo," akasema, "mimi ni fundi wa mabomba." Kisha akanifungia ukutani king'ora cha kugundua ile sumu bila kutaka hata senti, akaenda. Kila asubuhi nabonyeza kitufe chake nisikie kinalia. Kule chini siendi tena. Nguo naanika jikoni.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Ule Machi baada ya Krismasi ile, Orrin alikupigia simu kutoka nyumba ya wazee. Wewe ukanipigia mimi ukasema, "Verna, kaka yangu anasema amepona, anaomba umfuate. Na anaongea kama mzima. Mfuate." Nikakwambia wote husema hivyo, wauguzi wamenionya, usinitie moyo wa bure. Sikwenda. Juni tukamzika. Pale makaburini ulitaka kuniambia alivyosema siku ile, nikakugeuzia mgongo nikaenda kanisani kukata keki ya wageni wa msiba. Tangu hapo tumekuwa tukiandikiana habari za hali ya hewa.

Sikuombi unisamehe. Sijui kama ni kosa la kusamehewa au si kosa, na wewe pia huwezi kujua. Nakuomba uniandikie alichokwambia kwenye simu ile, neno kwa neno, bila kunipunguzia. Kama alilia, andika alilia. Kama alilitaja jina langu, andika alilitaja vipi.

Nisalimie Glenn, umwambie soksi aivae miguuni. Wasalimie Marcy na watoto wake, na yule jirani yako anayepika samaki vizuri. Janelle anakusalimu, hajui kwamba nimekuandikia haya. Mungu akutunze, aukaze mguu wako, na mimi anipe nguvu ya kufungua bahasha yako itakapofika.

Wako akupendaye, na aliyempenda kaka yako,

Verna