Nyani Aliyeondoka na Wigi Langu

Dada Rhobi, shikamoo.

Nipo Ikoma kwa rafiki yangu Neema. Hapa familia sita zimejenga kuzunguka ua mmoja, zina jiko moja na zinapika kwa zamu. Ulinionya kwamba penye watu wengi hapakosi maneno. Ni kweli, hata uji niliopika jana umeshajadiliwa.

Leo mchana nilikuwa naanika nguo, mwanangu amelala ndani, mlango nimeuacha wazi. Nikaona nyani dume anaingia chumbani. Nikabaki nimesimama na nguo mbichi mkononi. Mama Bhoke, jirani aliyekuwa na zamu ya kupika, akanipita mbio na mwiko wake umejaa ugali. Wengine wakamfuata wakigonga masufuria, hata mzee wa nyumba ya mwisho alitoka bafuni na taulo tu. Nyani akarukia dirishani, akaondoka na wigi langu la harusini.

Mtoto hakuamka hata kidogo. Mimi ndiye niliyelia. Mama Bhoke akanikalisha, akanipa chai, akaniambia kwa upole, "Acha aende nalo, mwanangu. Lile wigi hata sisi lilikuwa linatutisha." Ua mzima ukacheka, na mimi nikajikuta nacheka nao.

Nakuwaza huko Sirari, peke yako ndani ya ukuta wenye vipande vya chupa juu. Mungu akulinde sana, dada yangu, maana majirani zako hawataweza kuupanda.

Mdogo wako akupendaye,
Mgesi